Maradhi ya Ateri Katika Historia ya Afrika Mashariki: Funzo kwa Goma

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba maradhi ya ateri hayamhusu Mwafrika. Imani hiyo ilijengwa juu ya vipimo halisi. Mwaka 1929, daktari C.P. Donnison alichapisha matokeo ya watu 1,000 wa Kavirondo Kusini, nchini Kenya: baada ya umri wa miaka 40 shinikizo lao la damu lilielekea kushuka badala ya kupanda. Mwaka 1959, A.G. Shaper na K.W. Jones walionyesha kwamba mjini Kampala maradhi ya ateri za moyo yalikuwa adimu kwa Waafrika, ilhali yaliwasumbua Waasia.

Hata hivyo, kutougua si kutokuwa na kidonda. Mwaka 1972, George Mann na wenzake walieleza uchunguzi wa mioyo na aota za wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Ateri zao zilikuwa zimenenepa kwa ndani, lakini pia zilikuwa zimepanuka, hata damu ikaendelea kupita.

Kiini cha jambo hili kimo katika ukuta wenyewe. Seli za ateri zimezungukwa na protini: elastini huufanya ukuta unyumbuke, kolajeni huutia nguvu. Shinikizo la damu likidumu, nyuzi za elastini hukatika, kolajeni huzidi, na ukuta hukakamaa. Aidha, proteoglikani hunasa chembe za mafuta, na hapo kidonda huanza. Kolajeni hiyohiyo hukifunika kidonda. Kifuniko kikipasuka, damu huganda na kuziba njia.

Basi, lililobadilika si damu ya Mwafrika bali maisha yake. Mwaka 1990, N.R. Poulter na wenzake walithibitisha kwamba shinikizo la Waluo waliohamia Nairobi lilipanda mapema baada ya kufika mjini.

Goma nao ni mji wa waliohama. Ulipokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, ukaunguzwa na Nyiragongo mwaka 2002, na vita vimeendelea kuwasukuma watu kuuingia na kuutoka. Kipindupindu cha mwaka 1994 kiliua maelfu mbele ya macho ya ulimwengu. Ateri huharibika kimya. Kwa hiyo, kumpima shinikizo mtu aliyehama, kabla hajaugua, ni wajibu ambao imani ya zamani haiwezi tena kuuondoa.