Nguva wa Mafia na ukoo unaokatika

Bahari ikikupwa Utende, mkabala na kisiwa cha Chole, majani ya bahari hubaki yamelala mchangani. Hicho ndicho chakula cha nguva, mnyama wa baharini anyonyeshaye mtoto wake na kuibuka kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi. Siku hizi ni bahati kubwa kumwona.

Ukoo wake ni mkongwe. Mwaka 2001 mtaalamu Daryl Domning alieleza mifupa iliyochimbwa Jamaika ya jamaa wa kale wa nguva, mwenye miguu minne ya kutembelea nchi kavu, aliyeishi miaka ipatayo milioni 50 iliyopita. Nguva wa leo hana undugu wa karibu na nyangumi wala pomboo. Ndugu zake ni tembo na pimbi! Nguva jike ana matiti karibu na makwapa, na tembo naye anayo kifuani, katikati ya miguu ya mbele.

Ukoo huo umebakiwa na aina nne tu: nguva, na manatii wa aina tatu wanaoishi upande wa Atlantiki. Wa tano tulimwua sisi wanadamu. Mwaka 1741 Georg Steller, aliyekwama na mabaharia wenzake kisiwani Bering, aliandika habari za nguva mkubwa wa maji baridi, mwenye urefu wa hadi mita 8. Wawindaji wa ngozi wakamfanya kitoweo. Kufikia 1768 alikuwa ameisha: miaka 27 tu.

Wa kwetu anaangamizwa na jarife, wavu unaotegewa papa na taa. Akinaswa hawezi kuibuka, hufa kwa kukosa hewa. Pengo lake halizibiki upesi, kwani jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, kisha huweza kukaa miaka 3 hadi 7 bila kuzaa tena. Mwaka 2022 shirika la uhifadhi la IUCN liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia, yenye makao yake Utende, ilianzishwa 1995, nami naiheshimu kazi yake. Lakini nguva hajui mpaka. Maji yake ni pamoja na delta ya Rufiji na Kilwa. Huko ndiko kwa kukaa na wavuvi wa jarife sasa, tukubaliane nao wapi lisitegwe, na wafidiwe watakachokosa.