Mbwa Kali, Mbwa Mwoga

Tembea kutoka Kangemi hadi Loresho, historia ya Nairobi utaisoma kwenye mageti: "Mbwa Kali." Kibao hicho kiko Lavington, kiko Karen, kiko hata kwa nyumba ambazo mbwa mwenyewe alishakufa kitambo. Sisi tuliokulia upande wa nje wa geti tulidhani hao mbwa ni majasiri. Kumbe wengi wao ni waoga tu. Siku hizi wenyewe huingia agroveti wakiuliza: nimpe nini atulie?

Swali hilo ni dogo, lakini limebeba zaidi ya miaka 100.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na walowezi wakaja na mbwa wao. Karen Blixen, aliyeishi shambani chini ya milima ya Ngong kati ya 1914 na 1931, alimwandika mbwa wake Dusk ndani ya Out of Africa. Dusk alikuwa zawadi ya harusi, mbwa wa kuwindia kutoka Uskoti. Mbwa mwingine aliingia kwenye kumbukumbu kupitia mlango wa maradhi: mwaka 1912 kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Kwa hivyo mji ukawa na mbwa wa aina mbili: wa sebuleni, na wa kupigwa risasi.

Halafu ikaja Hali ya Hatari ya 1952. Askari walitumia mbwa kufuata nyayo za wapiganaji misituni, na mbwa akawa silaha. Uhuru ulipofika, mageti yalipata wenyewe wapya, lakini kazi ya mbwa haikubadilika. Mchana anafungiwa kibandani, usiku anafunguliwa, na anasifiwa akimbwekea kila anayepita kwa miguu.

Sayansi ina maelezo ya kinachofuata. Mwaka 1965, Wamarekani John Paul Scott na John Fuller walichapisha utafiti wa miaka mingi kuhusu watoto wa mbwa. Walionyesha kwamba kati ya takriban wiki ya 3 na ya 12, mbwa hujifunza nani na nini ni cha kawaida. Akifungiwa wakati huo, baadaye dunia nzima humtisha. Ule ukali tunaouogopa mara nyingi ni woga uliofungiwa.

Ajabu ni kwamba sheria yetu inalijua hili. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtia mnyama hofu kikatili kuwa kosa, sawa na kumpiga. Lakini ngoja Diwali ifike Parklands, au usiku wa Desemba 31 Westlands, fataki zianze. Mbwa anachimba chini ya geti, paka anajificha nyuma ya friji.

Hapo ndipo vidonge vya kutuliza huingia. Nimesoma vibandiko vingi dukani, na viungo hujirudia. Kuna theanini, iliyogunduliwa kwenye majani ya chai Japani mwaka 1949. Chai hiyo hiyo tumeipanda Limuru, hapo juu tu, tangu 1903. (Usimpe mbwa chai, tafadhali: kafeini ni sumu kwake.) Kuna pia protini ya maziwa iliyovunjwavunjwa. Tafiti zipo, ila ni chache na ndogo. Vingine husaidia kidogo wasiwasi mwepesi, hasa vikianzishwa siku kadhaa kabla ya kelele. Havitamponya mbwa aliyefungwa maisha yake yote.

Ukichagua, angalia kiasi cha kila kiungo, si picha ya mbwa anayetabasamu. Ukiona zailitoli, ile sukari ya chingamu, rudisha: inaua mbwa. Cha mbwa usimpe paka kwa kukisia, na Panadol ya nyumbani usimpe paka kabisa, hata nusu. Paka dume anayehangaika kukojoa hana "stress". Huenda amezibika, na hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Na mbwa asiyechanjwa akibadilika tabia ghafla, usikimbilie kidonge wala usimguse. Mwite daktari wa mifugo, kwa sababu kichaa cha 1912 bado kipo. Mpango wa taifa wa 2014 umelenga kumaliza vifo vya watu kutokana nacho ifikapo 2030.

Mimi siko kinyume na vidonge. Ila naona tunamtuliza mnyama huku tukiacha kibao getini kikiendelea kumwajiri kwa hasira. Kwa hivyo mtu akiniuliza anunue kipi, mimi humuuliza kwanza: huyo mbwa unamfungia saa ngapi kwa siku, na ni nani umemfundisha kumwogopa?