Nyumba Juu, Maji Chini: Jinsi Butembo Ilivyoshuka Bondeni

Mtu anayepanda kutoka Kirumba kuelekea Lubero, akifika Alimbongo, baridi ndiyo inamsalimu kwanza. Hapa tumepita mita 2,000. Ukungu unakaa barabarani, na mama zetu wanapanga viazi, karoti na kabichi wakingoja gari za Butembo. Milima hii ya Lubero ndiyo inayogawa maji: ya upande wa mashariki yanashukia Ziwa Edward, yanafuata Semliki mpaka Nili, ya magharibi yanakwenda mto Kongo. Maji tunayo mingi. Shida yetu ni mahali tulipojenga.

Wazee wetu Wanande (wengine wanapenda kusema Wayira) walijenga mgongoni mwa kilima. Nyumba juu, migomba kuizunguka, mashamba kwenye mteremko, na chini kabisa bonde la matete na mafunjo. Bonde halikujengwa. Lilitoa majani ya kuezeka na ya kusuka mikeka. Chemchem ilitoka pale mteremko unapokutana na bonde. Kijijini kwetu kulikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika: usifue nguo juu ya chemchem, usifunge mbuzi hapo, na siku ya kuisafisha kila nyumba inatoa mtu. Ardhi iligawiwa na bakonde, wale ambao babu zao walifyeka pori kwanza, na chifu aliyepokea muhako. Sitaki kuwasifu kupita kiasi. Mpango huo ulimnyima mwanamke na kijana haki mara nyingi. Lakini watu walikuwa wachache, na uchafu ulikaa mbali na maji.

Butembo ilizaliwa kwa njia ingine. Wakati wa Wabeleji kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, iliweka kituo chake hapo, wafanyakazi wakaja, wachuuzi wakawafuata. Na wengine walisukumwa. Kule tambarare ya Semliki, ugonjwa wa usingizi uliifanya serikali ya kikoloni iondoe watu, na miaka ya 1930 Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa 1925, ikapanuliwa mpaka huko. Hifadhi hiyo leo ni Virunga. Nafasi ya kulima ikapungua, watu wakabanana milimani. Tangu miaka ya 1990 vita vimeleta wakimbizi mjini, wimbi juu ya wimbi.

Serikali ilikuwa mbali, kwa hiyo watu walijijengea. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Beni-Butembo kuanzia 1966 mpaka 1997, aliwahimiza waamini kutengeneza barabara kwa mikono yao. Chuo Kikuu cha Graben kilifunguliwa 1989. Haya yote tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini tajiri anaweza kujenga etaji na kununua jenereta. Hawezi kununua peke yake mfereji wa maji machafu wa mji mzima.

Basi mji ukashuka. Migongo ilipojaa, watu walijenga kwenye mteremko, halafu bondeni, kando ya Kimemi na vijito vyake. Mikaliptusi ilipandwa kila mahali, maana inakua upesi, inatoa mbao na kuni za kuchomea matofali. Lakini inakunywa maji sana, na si mti wa kuweka karibu na chemchem. Udongo wa matofali ulichimbwa bondeni. Mashimo yakabaki, mvua ikayajaza, mbu wakapata makao. Jirani zetu wa Kabale, Uganda, wanakaa kwenye milima inayofanana na hii. Walilima mabonde yao ya mafunjo, na wachunguzi wakaona kwamba bonde lililolimwa lina joto na mbu kuliko lile lililoachwa. Mwaka 1998 malaria iliwashambulia vibaya, baada ya mvua kubwa za El Niño.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la vyoo. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya Butembo imeteka maji kwenye chemchem, bidoni mgongoni. Zamani nyumba ilikuwa juu na maji chini, na haikudhuru, kwa sababu kati yao kulikuwa shamba zima. Siku hizi kati yao kuna parseli ishirini, na kila moja ina shimo lake. Maji yanatoka meupe kabisa, na bado yanaweza kuleta tifoidi.

Halafu ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Katwa na Butembo ziliumia sana. Ndoo za kunawa ziliwekwa kila mlango. Watu walibishana mingi siku zile, juu ya chanjo, mazishi na siasa. Mama anayepanda kilima na lita ishirini alikuwa na swali fupi: hayo maji ya kunawa nani anayateka?

Kuna chemchem moja ninayoifahamu ambapo watu wa kartye walichanga pesa, wakanunua kipande cha ardhi juu yake, wakafukia choo kilichokuwa hapo na kupanda majani. Salongo inafanyika Jumamosi. Mita hamsini juu zaidi, mtu ameanza kuchimba msingi.