Muuguzi katika Chumba cha Upasuaji wa Mfuko wa Nyongo

Mfuko wa nyongo ni kiungo kidogo kilicho chini ya ini, kinachohifadhi nyongo ya kusaidia kumeng'enya mafuta. Mawe yakijitunga humo na kuleta maumivu makali, tiba iliyozoeleka ni kuuondoa mfuko huo kwa upasuaji. Waamini wengi humkumbuka daktari. Sisi tunapenda kueleza hapa kazi ya muuguzi, na kwa nini mgonjwa anapaswa kumwambia ukweli wote.

Kabla ya dawa ya usingizi, muuguzi humwuliza mgonjwa jina lake, upasuaji anaofanyiwa, dawa anazotumia, mzio alionao na saa aliyokula mara ya mwisho. Maswali hayo hurudiwa si kwa kumshuku, bali kwa kumlinda. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama yenye hatua tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Anayeficha kwamba alikunywa chai ya maziwa alfajiri anahatarisha uhai wake, kwa maana kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Dawa za mitishamba nazo zitajwe, kwani baadhi yake huzidisha kutoka kwa damu.

Pete, rozari na medali huvuliwa, kwa kuwa vyombo vya umeme vinavyozuia damu vinaweza kusababisha chuma kuunguza ngozi. Kuvua medali si kuikana imani.

Upasuaji unapoendelea, muuguzi mmoja humkabidhi daktari vifaa vilivyotakaswa, na mwingine huleta vinavyohitajika na kuandika kumbukumbu. Wote wawili huhesabu kwa sauti vitambaa, sindano na vyombo, mwanzoni na kabla ya kufunga jeraha. Hesabu isipolingana, kitu hicho hutafutwa, kisiachwe mwilini.

Upasuaji ukifanyika kwa matundu madogo na kamera, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kitanda huinuliwa upande wa kichwa na kulazwa kidogo kushoto. Hivyo muuguzi humfunga mgonjwa mikanda na kumwekea mito ili asiteleze wala kuumia. Baadaye bega linaweza kuuma kwa sababu ya hewa hiyo. Mgonjwa amweleze muuguzi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1515, inafundisha kwamba yafaa kupokea Mpako wa Wagonjwa kabla ya upasuaji mkubwa. Tunawashauri waamini wamwite padre mapema, na anayetaka Ekaristi Takatifu aipokee kabla ya muda wa kufunga kula kuanza. Kisha aingie chumbani kwa matumaini, akijibu kila swali kwa ukweli, hata likiulizwa mara ya nne.