Je, Mama Mwenyewe Ameulizwa?

Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake. Kila mwaka siku hii tunaimba, tunacheza ngoma na kusikiliza hotuba. Mara hii kamati imeona vema kuandika pia historia kidogo, kwa sababu uchaguzi wa viongozi wa kambi unakaribia, na nafasi za akina mama katika orodha ya wagombea bado ni tupu. Wako wanaosema: "Nafasi zipo, wao wenyewe hawataki." Tunaomba neno hilo lisipokelewe upesi.

Tuanzie kwetu Kongo. Katika uchaguzi wa Mei 1960, uliotangulia uhuru, waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Mwaka 1966 Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza mwanamke kupata digrii ya chuo kikuu, akawa waziri wa kwanza mwanamke wa nchi yetu. Lakini tuangalie vizuri: yeye aliteuliwa, hakuchaguliwa. Wakati anaingia serikalini, mama zetu walikuwa bado hawana kura. Haki hiyo ililetwa na Katiba ya 1967.

Ikapita miaka karibu 40. Katika uchaguzi mkuu wa 2006 walijitokeza wagombea 33 wa urais, na wanne kati yao walikuwa wanawake: Justine Kasa-Vubu, Catherine Nzuzi wa Mbombo, Marie-Thérèse Nlandu na Wivine N'landu. Bungeni, katika viti 500, wanawake walipata 42. Wengi wetu hatukupiga kura ile, maana tulikuwa tumekwisha kuvuka mpaka. Tuliifuata redioni, na tulidhani mlango umefunguka.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2011 wagombea urais walikuwa 11, na hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Mwaka 2018 walikuwa 21, mwanamke mmoja tu, Marie-Josée Ifoku. Mwaka 2023 alirudi tena, safari hii pamoja na Joëlle Bile. Mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke, jambo la kujivunia. Lakini hicho nacho ni cheo cha kuteuliwa.

Je, wanawake wa Kongo waliingiwa na woga baada ya 2006? Hebu tutazame bei ya kugombea. Mtaka urais mwaka ule alitakiwa kuweka dola 50,000. Na ijapokuwa Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inadai usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi, sheria ya uchaguzi ya mwaka huohuo ilisema kwamba orodha ya chama haitakataliwa kwa kukosa usawa huo. Chama kiliweza kupeleka orodha ya wanaume watupu, nayo ikapokelewa. Mwanamke aliyepiga hesabu akabaki nyumbani hatuwezi kumwita mwoga.

Majirani wa Kenya wanatupa mifano miwili iliyo wazi. Mwaka 1982 Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alitaka kugombea ubunge kwao Nyeri, na sheria ikamtaka aache kazi kwanza. Akaacha. Kisha akaambiwa hafai kugombea, kwa sababu ya dosari ya kuandikishwa kwake kama mpiga kura. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, akakuta imefungwa, na nyumba ya chuo akatakiwa kuihama. Uamuzi mmoja ulimnyima kiti, mshahara na nyumba. Aliingia bungeni mwaka 2002, baada ya miaka 20.

Wa pili ni Charity Ngilu. Kama alivyosimulia mwenyewe, mwaka 1992 alikuwa jikoni akiosha vyombo, akaona wanawake wa kwao Kitui wanakuja kwa nyimbo. Walikuja kumwomba agombee ubunge. Hakuwa amepanga jambo hilo. Akakubali, akashinda, na mwaka 1997 akagombea urais. Hatusemi wimbo peke yake ulimpa ushindi. Tunasema kwamba waliokuja kumwita ndio walioanza kuubeba mzigo pamoja naye.

Sasa turudi kambini, na hapa inabidi tukiri kosa. HCR ilitangaza mwaka 2001 kwamba wanawake washiriki katika kamati zote za uongozi na usimamizi wa kambi. Sisi tulipotakiwa kutimiza hesabu, tuliandika majina ya akina mama bila kuwauliza. Mama mmoja alijua kuwa ni mgombea siku ya kupiga kura, alipoitwa mbele ya watu. Wengine walichaguliwa, lakini mikutano tuliiweka saa ya foleni ya maji au siku ya mgao. Wasipofika, tukasema hawataki kazi. Na waliofika walisemwa mitaani kwamba wanatafuta mabwana, wala hatukuwatetea.

Kwa hiyo kamati imekubaliana mambo matatu. La kwanza, jina la mama halitaandikwa kabla hajafuatwa nyumbani kwake na kuulizwa, na akina mama wenzake wawe katika wajumbe hao. La pili, mikutano haitawekwa saa ya maji wala siku ya mgao. La tatu, wanaomwomba agombee waseme mbele yake nani atamsaidia maji, kuni na watoto siku za kikao.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna ombi moja. Msihesabu majina peke yake. Ulizeni pia kila mama alifikaje kwenye orodha.

Nanyi akina mama, tukija kuwauliza, mtupe jibu la kweli. Atakayesema "ndiyo" tutasimama naye. Atakayesema "hapana" tutamwuliza ni kitu gani kinamzuia, nasi tutaanza kazi yetu hapo. Umoja ni nguvu, lakini umoja usiomwuliza mwenzio ni amri tu.