Kuku Aliyevunja Feni ya Kaboni

Mwezi Mei 1970 wahandisi wa Rolls-Royce ya Derby, Uingereza, walifyatua kuku kwa kasi kubwa kuelekea feni ya injini yao mpya, RB211. Mapanga ya feni hiyo yalikuwa ya Hyfil, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa rezini, na majaribio mengine yalikuwa yameyapita. Kuku huyo aliyasambaratisha.

Nimefundisha vijana ufundi wa injini za ndege hapa Embakasi kwa miaka mingi, na kila kundi jipya nalianzishia hapo, kwa sababu kisa hicho husimuliwa vibaya. Watu husema kaboni ilishindwa. Mimi nasema kaboni ilionewa.

Nyuzi za kaboni zenye nguvu zilitoka katika maabara ya serikali ya Uingereza kule Farnborough miaka ya 1960, zikiwa na sifa mbili ambazo kila mjenzi wa ndege huzitamani: wepesi, na uwezo wa kuvutwa sana bila kukatika. Watengenezaji wa ndege Lockheed waliichagua RB211 kwa ajili ya ndege yao ya abiria, TriStar, mwaka 1968, na wepesi wa feni ulikuwa sehemu ya ahadi waliyopewa. Lakini panga la feni halivutwi tu. Hugongwa ubavuni pia, tena ghafla. Tabaka za nyuzi zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine, na kati ya tabaka na tabaka hapakupita uzi hata mmoja. Palikuwa na rezini tu, kitu kigumu lakini chepesi kupasuka. Pigo likiingia, tabaka huachana. Kila moja hubaki peke yake, nyembamba, hupinda na kuvunjika kabla nguvu ya uzi haijapata nafasi ya kufanya kazi.

Rolls-Royce walikuwa wameweka panga la titani kama akiba, wakalishika hilo. Gharama za injini zilikuwa zimekwisha kuwalemea, na tarehe 4 Februari 1971 kampuni ilifilisika, serikali ikaichukua. TriStar ilianza kubeba abiria 1972, feni zake zikiwa za titani.

Kaboni ilirudi kwenye mapanga makubwa mwaka 1995 kwa injini ya GE90 ya Marekani, safari hii ukingo wa mbele ukiwa umevikwa titani ili upokee pigo la kwanza. Ila kazi ninayoistahi zaidi ni kasha la feni, ile pete kubwa inayoizunguka feni ili panga likikatika lisitoboe ubavu wa ndege. Kwa injini ya GEnx, General Electric waliamua kasha hilo lisukwe kwa nyuzi za kaboni. Wasukaji walikuwa A&P Technology wa Ohio, na watafiti wa NASA kule Cleveland walisaidia kuupima msuko kwa kuufyatulia vipande kwa bunduki ya gesi.

Bibi yangu wa Lamu alisuka ukili wa mikeka, na mwaa mmoja ukikatika miyaa inayoukingama iliushika. Msuko wa kasha nao huwa hivyo: fungu moja la nyuzi hulala kufuata mzingo wa pete, na mafungu mawili hulikata kwa digrii 60, moja kila upande. Pigo linapofika, rezini hupasuka kwanza. Ufa ukikuta fungu la mshazari hulazimika kupinda, na kila kona huula nguvu. Upande wa nyuma nyuzi huvutwa, nyingine hukatika, nyingine huchomoka. Tundu laweza kubaki, na tabaka bado zaweza kuachana mahali hapo, lakini ufa haukimbii kuizunguka pete. Hili ndilo jambo kubwa, kwa kuwa injini iliyopoteza panga huendelea kuzunguka na kutikisika vibaya mpaka ndege itue, na kasha lazima lishikilie muda wote huo.

Ndege za Dreamliner za Kenya Airways zinatua hapa na injini hizo za GEnx tangu 2014. Ninyi vijana mnaoingia karakana leo, kumbukeni kwamba kaboni iliyogongwa yaweza kuwa na uso laini kabisa huku ndani tabaka zimeachana. Ukiiangushia spana, sema siku hiyohiyo, iandikwe, na ipimwe kwa mawimbi ya sauti kabla ndege haijaondoka.