Mzungusho Mubashara, au Santuri Isiyo na Dalali

Juu ya kipaji cha mashine nyingi za santuri zilizotengenezwa Japani tangu mwaka 1970 mpaka miaka ya mwanzo ya 1980 yamechapwa maneno mawili ya Kiingereza, "Direct Drive", kwa fahari kama ile ya nahodha aliyeliandika jina la chombo chake juu ya tezi; na mtu anayezinunua mashine hizo leo, zikiwa zimekwaruzika na pengine zimelala darini miaka 30 au 40, aghalabu huyatazama maneno hayo kama hirizi, akaamini kwamba mna baraka ndani yake, bila ya kujua yanasema nini. Kwa hakika yanasema jambo moja tu, nalo ni la kukanusha: kwamba kuna kitu hakimo. Mnunuzi mwenye fedha chache akikifahamu kitu hicho kisichokuwamo, atajua pia atazame wapi kabla ya kulipa, na baada ya kulipa atajua atengeneze nini na aache nini.

Kwanza tukubaliane majina. Wazee wa pwani walilitumia neno santuri, ambalo kwa Waajemi ni jina la kinanda cha nyuzi, kwa mashine yenyewe, na kile kisahani cheusi wakakiita sahani ya santuri. Leo neno limehama, kisahani ndicho kiitwacho santuri, na mashine imebaki na majina ya kuazimwa. Mimi nitaifuata ada ya leo. Kile kibao cha duara kinachoibeba santuri nitakiita sinia, kwa kuwa ndivyo kilivyo, kinapakua. Juu yake una mkono, na mwisho wa mkono ipo sindano.

Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mara 100 kwa dakika 3, mwendo ambao kwa mota ni wa kujikokota. Mota za zamani hazikuweza mwendo huo. Zilikwenda mamia ya mizunguko kwa dakika, nyingine zaidi ya 1,000, na kwa sababu hiyo ilibidi pawe na mpatanishi baina ya haraka ya mota na utulivu wa sinia. Katika namna moja mpatanishi huyo alikuwa gurudumu dogo la mpira lililobanwa kati ya mhimili wa mota na ukingo wa sinia, kama ilivyo katika Garrard 301 ya Waingereza. Katika namna ya pili alikuwa mkanda. Ama hakika hao wote wawili ni madalali, na dalali, hata akiwa mwaminifu, hula ujira wake: gurudumu huupitisha mngurumo wa mota mpaka kwenye sindano, na mkanda hunyooka, hukauka, huteleza, na siku moja hukatika katikati ya wimbo. Katika namna ya tatu dalali ameondolewa. Mhimili wa mota ndio mhimili wa sinia, na mota yenyewe huzunguka mara 33 na theluthi, haizidi. Katika mashine kadha wa kadha, ikiwamo ile mashuhuri ya Technics SL-1200MK2, sumaku ya mota imefungwa chini ya sinia, hata mtu akiliinua sinia huwa ameinyanyua nusu ya mota mkononi mwake.

Sasa tuipe jina. Wengi hufasiri upesi wakasema "mwendo wa moja kwa moja", na hapo ndipo Kiswahili kinapocheka. Kwani mtu akiulizia njia akaambiwa aende moja kwa moja, hujua kwamba asikunje kulia wala kushoto, ilhali santuri maisha yake yote ni kukunja. Wengine wamependekeza "mota ya kitovuni", na jina hilo lina haki ya kufikiriwa, kwa sababu limeonyesha mahali mota ilipo. Walakini halisemi ni nini kilichoondoka, na kuondoka huko ndiko kiini cha jambo. Kutohoa nako kupo. Wajapani wenyewe walitohoa, wakasema "dairekuto doraibu", wakizifunga silabi zao kwa irabu kama tufanyavyo sisi, na hapana aibu katika kuazima; lakini neno la kutohoa humfaa yule ajuaye maana yake tayari, na asiyejua humwacha pale pale alipokuwa.

Neno ninaloliridhia ni mubashara. Wasikilizaji wa redio na watazamaji wa televisheni wanalijua katika matangazo mubashara, na kwa wengi limekwisha kuwa na maana ya "sasa hivi". Lakini asili yake katika Kiarabu ni bashara, nayo ni ngozi ya mwanadamu, na kitendo kilichotoka humo ni kugusana ngozi kwa ngozi, kisha kulishika jambo kwa mkono wako mwenyewe bila ya kumtuma mtu. Sijui neno lililokaa tayari zaidi kwa kazi hii. Basi nasema: mzungusho wa gurudumu, mzungusho wa mkanda, mzungusho mubashara, na istilahi tatu zikisimama pamoja namna hiyo, mwanafunzi huona tofauti kabla ya kuonyeshwa mashine.

Dalali aliondolewa Osaka, katika kampuni ya Matsushita, na wahandisi walioongozwa na Shuichi Obata, na mwaka 1970 ikatoka SP-10 kwa alama ya Technics, mashine ya kwanza ya mzungusho mubashara kuuzwa duniani. Faida waliyoitafuta ilikuwa ya sauti. Sikio la binadamu huanza kusikia penye mitetemo 20 hivi kwa sekunde; mota iendayo zaidi ya mara 1,000 kwa dakika hutetema jirani na mpaka huo na kuupita, bali iendayo mara 33 hutetema chini ya mtetemo mmoja kwa sekunde, mahali ambapo sikio halifiki. Mwaka 1972 ikafuata SL-1200, na mwaka 1979 SL-1200MK2, ambayo huufikia mwendo wake kwa sehemu 7 za 10 za sekunde. Vijana wa Bronx waliokuwa wakiisukuma santuri mbele na nyuma kwa vidole walipata katika mzungusho huu nguvu ambayo mkanda haukuwa nayo.

Lakini mota iendayo polepole, ikiachwa peke yake, hugugumia na kuyumba, na hapakuwa na budi kuiwekea mlinzi: saketi inayouhesabu mwendo wake wakati wote, ikaongeza umeme inapolegea na kupunguza inapozidi. Katika mashine za baadaye mlinzi huyo hupata kipimo chake kwenye fuwele ya kwatzi, kama ile ya saa ya mkononi. Huu ulikuwa ulinzi wenye thamani hususa kwa Japani, nchi ambayo mpaka leo Tokyo na mashariki yake hutumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na Osaka na magharibi yake mizunguko 60, kwa kuwa mwishoni mwa karne ya 19 upande mmoja ulinunua majenereta ya Kijerumani na upande wa pili ya Kimarekani. Mashine ya mkanda iliyotegemea mizunguko ya umeme, ikihamishwa na mwenyewe kutoka Tokyo kwenda Osaka, iliimba kwa haraka iliyozidi kwa sehemu ya tano mpaka ibadilishwe puli. Yenye mlinzi wake mwenyewe haikujua kwamba imehama.

Hapa ndipo jina linapomfaa mnunuzi. Madhali hapana mkanda wa kuchakaa wala gurudumu la kukauka, uzee wote wa mashine umehamia kwa mlinzi, na atakayekwenda sokoni akaanza kutazama mbao, kifuniko na mng'ao wa sinia, ametazama kila kitu isipokuwa penye ugonjwa. Tazama nukta. Pembeni mwa sinia zimo safu za nukta, na karibu yake taa ndogo. Taa hiyo, ikiwaka kwa umeme wetu wa mizunguko 50, hupepesa mara 100 kwa sekunde, na safu yenye nukta 180 huonekana imesimama tuli pale mwendo unapokuwa sawasawa. Safu ya umeme wa mizunguko 60 ina nukta 216. Niliwahi kuuziwa kwa bei ya chakavu mashine ambayo mwenyewe aliniapia kwamba imeharibika, nukta zake zikikimbia hazikamatiki. Kumbe alikuwa akiitazama safu ya 60 katika nchi ya 50, na safu ya pili, kidole kimoja chini yake, ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Sikumwambia mpaka tulipokwisha kupeana fedha, na mpaka leo sina hakika kama nilitenda haki. Katika mashine ambazo taa yake nayo huongozwa na kwatzi, hitilafu hii haipo.

Nukta zikitulia, mwache mwenye mali azungumze, nawe uendelee kuzitazama dakika 10 nzima, kwa sababu saketi iliyochoka huanza vizuri ikiwa baridi na huteleza ikipata joto. Kisha sikiliza, si ngoma, maana ngoma husitiri mengi, bali taarabu yenye fidla inayoivuta sauti moja kwa muda mrefu. Sauti ikipanda na kushuka taratibu huo ni myumbo, na ikitetema kwa haraka huo ni mtetemo, na kipimo cha yote mawili katika SL-1200MK2 ikiwa nzima ni asilimia 0.025, kiasi ambacho hakuna sikio litakalokilalamikia. Ikiyumba, uliza bei ya nusu au urudi nyumbani, kwa kuwa baadhi ya chipu za walinzi hawa hazitengenezwi tena, na fundi hodari aliyekosa chipu hana tofauti na sisi.

Kwa mfuko mwepesi nashauri kuipita SL-1200, ambayo umaarufu umeipandisha bei. Ilisimamishwa mwaka 2010, ikarudi mwaka 2016 ikiwa ghali mno, na hata kuukuu zake zimefuata. Ndugu zake SL-D2 na SL-Q2, Pioneer PL-518, Denon DP-30L, zote zina mzungusho ule ule na huuzwa kwa unyenyekevu. Zilitengenezwa nyingi sana, na kisahani cha leza kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1982 kikazisukuma darini zingali na nguvu zao. Ajue mnunuzi pia kwamba nyumbani kwao Kenwood iliitwa Trio na JVC iliitwa Victor, asije akaiacha mashine njema kwa kutolitambua jina lake la utotoni.

Matengenezo, kwa wengi, ni machache kuliko yanavyosifiwa. Chomoa umeme. Kitelezi cha kurekebisha mwendo, ambacho ni chanzo cha mayumbo mengi, kipulizie dawa ya kusafishia swichi, ukipeleke mbele na nyuma mara 30, na mara nyingi mashine iliyokuwa inakwenda kilevi itanyooka hapo hapo. Mhimili utie matone mawili matatu ya mafuta mepesi, si ya kupikia, na usirudie mpaka zipite saa 2,000 za kucheza. Kapasita za upande wa umeme, zikiwa na umri wa miaka 40, mpe fundi wa redio azibadilishe. Bei yake ni ndogo, na kufa kwake huweza kuondoka na mlinzi. Sindano nunua mpya, kwani ya zamani hujui imekula santuri ngapi: Audio-Technica AT-VM95E hukaa vyema kwa uzito wa gramu 2, na katika mikono ya Technics ncha yake ipangwe milimita 52 kutoka kwenye kifungo kinachokiunga kichwa cha sindano na mkono. Tumbo la plastiki linalolia kama debe likandikwe ndani kwa udongo wa kuchezea watoto, mbali na saketi na mota. Wako waendao mbali zaidi, wakakata mbao, wakabadilisha nyaya, wakaing'oa mikono ya asili. Wengi wao hununua kwa fedha nyingi mashine mbaya kidogo kuliko ile waliyoikuta.

Na kibao cha nyuma kisomwe kabla ya yote, kwa maana mashine iliyouzwa kwa Wajapani wenyewe imekusudiwa volti 100, na ikichomekwa kwenye volti 230 zetu bila ya transfoma ya kushushia umeme, mlinzi huungua kabla hujaitua sindano.

Ama jina, nimelitoa kwa kulijaribu. Fundi yeyote wa Unguja, Mombasa au Kariakoo aliyezifungua mashine hizi zilipokuwa mpya, naye ana neno jingine alilolitumia dukani mwake, na alilete. Ikiwa neno hilo linazibainisha mashine tatu, ya gurudumu, ya mkanda na hii isiyo na dalali, nitaliacha mubashara langu bila ya kinyongo.